Simu ya Jumamosi Saa Kumi

Sehemu ya tisa

Mnara ulizimika Devotha akiwa bado na simu sikioni.

Ndipo tulipoachana wiki iliyopita, msomaji: mwanamke wa miaka arobaini na moja juu ya Jiwe la Mtandao, kwa ncha za vidole, kikapu cha chai mgongoni, anaita "Haloo! Haloo!" kwenye simu iliyokwisha kufa masikio. Jiwe hilo ndipo mahali pekee simu inaposhika katika shamba lote la chai la Kwembuzi. Ukitaka kuusikia ulimwengu, unapanda dakika arobaini kwa miguu na kushuka tena kwa magoti.

Siku hiyo ya Jumatano ulimwengu ulikuwa umemtafuta mara kumi na mbili. Simu kumi na mbili zilizomkosa, zote kutoka namba moja ya Msumbiji. Kisha ujumbe:

"Devo ni mimi. Jmosi saa 10 jioni ntapiga. Usipopokea ntajua umeshaamua maisha yako. Stakusumbua tena."

Devo. Mtu mmoja tu duniani alilikata jina lake namna hiyo, na mtu huyo alikwisha kuombewa misa ya marehemu.

Alipiga ile namba. Akapokea mwanamume asiyemjua, akaongea Kireno, akacheka na mwenzake. Devotha akapiga kelele, "Cosmas! Namtaka Cosmas!" Yule mtu akasema, "Ah, Cosmas..." Na hapo kimya. Ng'ambo ya bonde, kwenye kibanda cha mitambo chini ya mnara, moshi mweusi ulikuwa unapanda taratibu kama wa jiko la mama ntilie.

"Shoga!" Kuluthumu, jirani yake, alikuwa ndiyo kwanza anafika juu, pumzi juu juu. "Umepiga simu gani mpaka umeunguza mnara wa watu?"

Devotha alimpa simu asome.

Kuluthumu ni Msambaa wa pale pale, mdomo wake haujui likizo. Lakini alisoma mara mbili, akaketi juu ya jiwe, akaita "Yesu wa Mariamu!" yeye aliye Mwislamu wa kizazi cha tano.

"Na Jumapili ndiyo tangazo la tatu," alisema.

"Najua."

"Shoga, katekista akishasoma la tatu..."

"Najua, Kuluthumu!"

Kwa mgeni wetu wa leo, jambo lenyewe ni hili. Miaka minne iliyopita Cosmas, mume wa Devotha, aliondoka Kwembuzi kwenda kwenye machimbo ya vito Msumbiji. Baada ya miezi minane mtu alikuja na koti lake, akasema shimo limemfukia. Paroko akaridhika na ushahidi, misa ikasomwa. Devotha akabaki kwenye chumba cha kambi ya wachumaji, mbali na ndugu zake wa Njombe, akapika ugali wa mtu mmoja kwenye sufuria ndogo ambayo ukikosea maji kidogo tu unakula uji.

Katika upweke huo ndimo alimoingia Salvatory, karani wa shamba. Au niseme hakuingia. Mgane wa miaka hamsini na tatu, mpole, kalamu mbili mfukoni. Kila Jumapili alisimama nje ya mlango akauliza, "Devotha, uko peke yako?" Akijibiwa ndiyo, hakukanyaga kizingiti, maana chumba cha mjane si kilabu. Alikaa kwenye benchi la nje wakaongea, yeye nje, Devotha ndani, ukuta wa mbao katikati. Miaka miwili ya maongezi ya namna hiyo ikazaa uchumba, na uchumba ukazaa matangazo ya ndoa kigangoni. Mawili yamekwisha kusomwa: mwenye pingamizi aseme.

Sasa pingamizi limetangaza kwamba litapiga simu.

*

"Vuka mto uende Bumbuli kwenye mtandao," alisema Kuluthumu Alhamisi asubuhi.

"Daraja liko wapi?"

Daraja lilikuwa limeondoka na mvua ya Jumatatu. Mafundi wa mnara nao wangesubiri daraja. Upande huu wa mto palibaki chai, ukungu, na mtu mmoja ambaye hakupaswa kuwepo: Sharifu, fundi simu wa Soni, aliyepanda kuuza chaja na makava, maji yakamfungia njia. Alikuwa amepiga kambi kwenye baraza la duka, akila chipsi za mkopo na kutukana mawingu.

Aliigeuza simu ya Devotha huku na huku.

"Dada, hii umeitoa wapi?"

"Mnadani Mombo."

"Na kabla ya Mombo?"

"Nitajuaje?"

"Ina maandishi ya Kikorea huku nyuma. Simu hii imetembea kuliko askofu."

"Sharifu, nina siku mbili. Kuna mtu anapiga Jumamosi, kwa namba ya kawaida. Hana WhatsApp, simu yenyewe ameazima. Na mnara hakuna."

Sharifu akaacha mzaha. Kazi ikimjia alikuwa mtu mwingine kabisa, hata sauti ilishuka.

"Waifai ipo popote?"

"Ofisini. Dishi la setilaiti."

"Basi sikiliza. Kuna kitu kinaitwa kupiga simu kwa waifai. Laini yako ile ile, namba ile ile. Badala ya kwenda kwenye mnara, sauti inapita kwenye waifai. Anayekupigia hajui lolote. Anabonyeza, kwako inalia."

"Hata akiwa na kitochi?"

"Hata kitochi kilichofungwa raba."

"Kwa hiyo inawezekana!"

"Kwa simu nyingine, ndiyo. Yako haimo." Alimwonyesha kwenye setingi. "Kitufe kilitakiwa kiwe hapa. Kipo ndani, ila kimefichwa. Ukiwapigia huduma kwa wateja watakwambia simu yako haimo kwenye orodha yao. Orodha! Utadhani harusi ya kadi."

Devotha alikaza kitenge kiunoni. "Na asiye na kadi?"

"Anapita mlango wa jikoni." Sharifu akatabasamu, na pengo la jino likaonekana. "Nina programu mbili ndogo. Ya kwanza inatufungulia jikoni, ya pili inakifukua kitufe. Ila zote zinataka tuwe kwenye waifai. Nani ana neno la siri?"

Kuluthumu alitazama chini. Devotha alitazama mlima.

"Mbona mmenyamaza kama mmefiwa?" aliuliza Sharifu. "Nani?"

"Mchumba wangu," alisema Devotha.

*

Ijumaa alasiri Salvatory aliwaona mlangoni mwa ofisi, akasimama kumpokea Devotha kama anavyosimama akija meneja.

"Shikamoo mzee," alisema Sharifu.

"Marahaba. Karibuni."

Devotha alikuwa amejiandalia ukweli njia nzima. Alipofungua mdomo ukatoka uongo, tena umevaa vizuri.

"Dada yangu wa Njombe anaumwa. Watanipigia kesho saa kumi. Fundi anasema nikipata waifai nitampata."

Salvatory alimtazama kidogo. Kisha akaandika kwenye kikaratasi, kwa ule mwandiko wake wa kupangika: majanimawilinachipukizi. Ndiyo sheria ya kwanza anayofundishwa mchumaji mgeni, majani mawili na chipukizi, zaidi ya hapo umechuma kuni.

"Yote pamoja, herufi ndogo," alisema, akarudi mezani kwake.

Sharifu akaanza, akitaja kila hatua kwa sauti. Aligonga namba ya toleo la simu mara saba, simu ikatangaza kwamba mwenye nayo sasa ni mtaalamu. "Hongera dada, umehitimu bila ada." Akafungua mlango wa mafundi, akaweka programu ya kwanza, akaomba maji, akanywa. Simu ikatoa tarakimu sita, akazijaza upesi kabla hazijafutika. Akaweka ya pili, akawasha kitu, akawasha kingine. Kisha akawasha alama ya ndege ili simu isihangaike kutafuta mnara, akairudisha waifai.

Juu ya kioo, pembeni ya saa, kikachipuka kialama kidogo ambacho hakikuwepo: kisimu kimekumbatiwa na mistari ya waifai.

"Piga namba yoyote," alisema Sharifu.

Devotha hakuwa na namba yoyote. Hilo lilimchoma ghafla, pale pale: nje ya Kwembuzi hakuwa na mtu wa kumpigia mchana wa kazi bila kumtia hofu ya msiba. Akapiga huduma kwa wateja.

"Karibu," ilisema sauti ya mwanamke, safi kabisa, kama yuko chumba cha pili. "Kwa Kiswahili, bonyeza moja."

Alibonyeza moja. Akakata. Akapiga tena, akakaribishwa tena.

"Dada, hiyo ni mashine," alisema Sharifu.

"Najua," alisema Devotha, na machozi yalikuwa yamefika kidevuni. "Mwache aniite tu."

Salvatory, kule mezani, hakuinua kichwa. Kalamu yake iliendelea kuandika nyuma ya kalenda ya mwaka jana.

*

Sasa hapa, msomaji, ningekuwa na uwezo ningeingia kwenye hadithi yangu mwenyewe nikamshika mkono.

Kwembuzi wana desturi. Simu isiyo na mtandao hutafuta mnara mpaka ijimalize, na chaji inapatikana dukani tu, kwenye sola, kwa foleni. Kwa hiyo kila mchumaji akimaliza shida yake huizima simu, kabisa, akaifunga kwenye nailoni. Hawafikirii. Ni kama kufuta miguu mlangoni. Sharifu, mtoto wa mjini, hajazima simu yake tangu aimiliki. Hata haikumpitia kichwani kuonya.

Devotha alitoka ofisini, akakibusu kile kialama kwa macho, akabonyeza kitufe cha pembeni mpaka kioo kikawa cheusi. Akaifunga nailoni. Akalala na simu chini ya mto, mara ya kwanza kwa miaka minne kulala upande wa ukutani na kuacha nafasi.

Asubuhi maji ya mto yalipungua. Watu wakavuka kwa kushikana mikono, Sharifu wa kwanza wao.

"Twende tuvuke, shoga," Kuluthumu alimwambia. "Ukianza sasa, saa nane uko Bumbuli, mtandao kibao."

"Ya nini kulowa? Simu yangu imepona."

*

Saa tisa na dakika arobaini aliiwasha mezani kwa Salvatory. Ikaingia waifai yenyewe. Akasubiri kialama.

Akasubiri.

Alifungua setingi. Kitufe hakipo. Akafungua programu ya kwanza, ikamwambia haifanyi kazi tangu simu ilipozimwa. Mlango wa jikoni ulikuwa umejifunga wenyewe, na mwenye ufunguo saa hiyo alikuwa Soni anakula nyama choma.

"Nini?" aliuliza Salvatory.

"Imepotea. Niliizima, Salvatory. Niliizima kulinda chaji!" Alipekua setingi upya, juu mpaka chini. "Na Sharifu amevuka!"

"Ni dada yako tu. Utampata Jumatatu."

"Si dada."

"Najua si dada."

Devotha akainua uso.

"Dada yako alinipigia WhatsApp hapa ofisini wiki mbili zilizopita kunishukuru," alisema Salvatory. "Alikuwa mzima, akanitania kuhusu upara. Ni nani, Devotha?"

Saa ya ukutani ilisema saa kumi kasoro dakika kumi na tano. Hakubaki na muda wa kuuvalisha uongo mwingine.

"Cosmas."

Huko kiwandani mashine ya kukaushia ilikuwa inanguruma, na harufu ya chai mbichi iliingia dirishani kama kila siku. Salvatory alizitoa kalamu zake mfukoni, akazipanga mezani, moja, mbili.

Hakusema, "Cosmas amekufa." Devotha angekuja kulikumbuka hilo baadaye kidogo, tena sana.

"Kesho ni tangazo la tatu," alisema Salvatory.

"Ndiyo."

"Ningekuomba usipokee, usingekubali."

"Usiniombe."

Alitikisa kichwa polepole. Kisha akainuka, akaitoa ile kalenda ya mwaka jana ukutani, akaigeuza. Nyuma yake, kwa mwandiko wa kupangika, kulikuwa na orodha yenye namba. Karani ni karani: jana, kila Sharifu alipoitaja hatua moja kwa mdomo wake, yeye aliiandika.

"Kaa," alisema. "Ninasoma, wewe bonyeza. Moja: setingi. Mbili: mlango wa mafundi, chini kabisa."

"Nimefika."

"Tatu: washa ile ya waifai, isiyo na waya. Nne: fundi anaomba maji. Hiyo iruke."

Devotha alicheka na kulia kwa pamoja, sauti moja mbaya kama ya mbuzi.

"Tano: tarakimu sita. Jaza upesi."

Alijaza. Zikakataa. Muda umepita.

"Rudia," alisema Salvatory. "Nitakusomea mimi." Akainama, miwani puani, na kichwa chake kikawa karibu na cha Devotha kuliko siku zote za benchi. "Nne, nne, moja. Sifuri. Tisa, saba."

Zikakubali. Saa kumi kasoro dakika tano.

"Sita: fungua programu ya pili."

"Imefunguka."

"Saba..."

Macho yakabaki kwenye mstari.

Devotha aliona vidole vya Salvatory vimeibana kalenda mpaka karatasi imeanza kupasuka. Kwenye kioo cha simu kulikuwa na vitufe sita, vyote kwa Kiingereza, vyote vimefanana. Alikuwa anasoma Kiingereza kwa shida ya darasa la saba. Kama Salvatory angetaja cha tatu badala ya cha pili, nani angemjua? Katekista angesoma, watu wangepiga vigelegele, na benchi lingeingia ndani.

"Salvatory." Sauti ilimtoka ndogo. "Saba ni nini?"

Kasoro dakika mbili.

"Saba," alisema Salvatory, na sauti yake ilikuwa kavu kama jani la juzi, "cha pili na cha nne. Washa vyote viwili. Nane: alama ya ndege. Tisa: rudisha waifai."

Aliwasha. Aliwasha. Ndege ikaja, waifai ikaondoka, ikarudi.

Hakuna kitu.

King'ora cha kiwanda kilipiga saa kumi. Chini ya sauti yake, pembeni ya saa, kikachipuka kisimu kimekumbatiwa na mistari.

Na simu ikalia.

*

Ilikuwa namba ya Msumbiji. Ilitetemeka juu ya meza, ikasogea kuelekea ukingoni kama inataka kukimbia. Devotha aliipokea kwa mikono miwili, akagusa kitufe cha spika bila kukusudia, sauti ikafunguka chumba kizima.

"Devo?"

Alikaa sakafuni, mgongo kwenye meza.

"Devo, ni mimi. Usikate."

"Walileta koti lako," alisema. Miaka minne ya maneno, na hilo ndilo lililotangulia.

"Liliibwa. Waliniweka ndani, Devo. Nilichimba bila kibali, nikafungwa miaka mitatu, hakuna simu. Nimetoka wiki hii." Kulikuwa na upepo kwake, na mtu akimhimiza kwa Kireno. "Hii simu ni ya watu, nina dakika chache. Niambie kitu kimoja tu. Mbona hukujibu?"

"Kujibu nini?"

"Barua! Nilikuandikia barua tatu nikiwa ndani. Padri wa gereza alinipostia kwa mkono wake, kwa sanduku la shamba. Si barua zote hupitia ofisini hapo? Nani alizipokea, Devo?"

Barua zote za Kwembuzi hupitia ofisini. Barua zote hupokelewa na karani.

Devotha aligeuza kichwa, taratibu, kama mtu aliyesikia nyoka majanini.

Salvatory alikuwa amekwisha kuvuta mtoto wa meza. Hakuulizwa, hakushikwa. Alitoa bahasha tatu zenye stempu za kigeni na jina la Cosmas mgongoni, akaziweka sakafuni mbele ya magoti ya Devotha, moja baada ya nyingine, zikapangika. Hazikuwa zimefunguliwa. Kisha akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, akavua miwani, na bila miwani alikuwa mzee kuliko Devotha alivyowahi kumjua.

Alijua. Jumapili zote zile kwenye benchi, alijua. Na dakika tano zilizopita alikuwa na namba saba mkononi, akaisoma ilivyoandikwa.

"Devo, upo?"

"Nipo."

"Kuna mtu anapumua hapo." Sauti ya Cosmas ilipungua, ikawa ile ya zamani, ile ya gizani, ya kuulizia kama maji ya kuoga yamechemka. "Uko peke yako?"

Salvatory alikuwa anamtazama, anangojea jibu lile lile alilolingoja kila Jumapili mlangoni. Devotha aliishika simu kwa mkono mmoja na bahasha ya kwanza kwa mkono wa pili, na kidole chake kilikuwa kimekwisha kuingia chini ya gundi.